Mada Yangu Kinywani mwa Mwenyekiti

Jumatatu hakuna aliyekuja kupigwa picha. Jumamosi watu walioa, Jumapili walitoka kanisani na nguo zao nzuri wakapitia studio, lakini Jumatatu kila mtu alikuwa amerudi shambani, na sisi wapiga picha tulibaki tukifagia sakafu na kupanga picha za wateja kwenye bahasha. Ndiyo sababu wapiga picha wa Nyeri na miji ya jirani walichagua Jumatatu ya mwisho wa mwezi kuwa siku ya mkutano wao.

Nilianza kwenda mwaka ule ambapo wanawake waliruhusiwa kuchukua vitambulisho. Kabla ya hapo kitambulisho kilikuwa cha wanaume, na mwanamke alijulikana kwa mumewe au kwa baba yake. Sasa kina mama walikuja kutoka milimani wakiwa wamefunga vitambaa kichwani, wakaambiwa wavitoe, wakaona haya, wakaniuliza kama hakuna njia nyingine. Sijawahi kuwa na kazi nyingi kama mwaka ule. Studio ilikuwa Karatina, na ilikuwa ya baba mdogo. Mimi nilianza kwake nikiwa msichana wa kurekebisha negativu kwa penseli: kuondoa kovu, kufuta chunusi, kufungua jicho la mtu aliyesinzia. Macho yake yalipoanza kuingiwa na ukungu alinikabidhi kamera na funguo, akaniambia, "Na ile mikutano ya Nyeri pia uende. Ukae kwenye kiti changu. Usikae nyuma."

Nilikwenda, na nilikaa nyuma.

Tulikutana katika ukumbi mdogo wa kanisa, tukiwa watu kumi na watano, siku nyingine ishirini. Mwanamke nilikuwa peke yangu. Palikuwa na chai ya maziwa kwenye birika kubwa na mandazi yaliyopoa. Kila mwezi mtu mmoja alisimama na kufundisha alichokijua. Mmoja alitueleza namna ya kupanga familia yenye wake wawili bila kuleta ugomvi. Mwingine alileta lenzi iliyoota ukungu, tukaipokezana kama watu wanaotazama jino bovu. Mzee mmoja Mwislamu kutoka Nanyuki, aliyekuwa akipanda hadi Doldol kuwapiga wafugaji picha za vitambulisho, ndiye aliyenifundisha jambo ambalo baba mdogo hakuwahi kulijua. Nilikuwa nimelalamika kwamba kila Julai picha zangu zinatoka zimefifia, kama zimepigwa ndani ya moshi.

"Mama, hiyo ni baridi," akasema. "Dawa ya kusafishia filamu ni kama binadamu. Ikishikwa na baridi haifanyi kazi. Weka chupa yake ndani ya karai la maji moto, ungoje kidogo, halafu uone."

Nilifanya hivyo, na Julai ile picha zangu zilitoka zimeiva. Nikaona kwamba nilipoteza miaka mingi kwa kukosa mtu wa kuniambia neno moja. Tangu hapo sikukosa mkutano. Nilijifunza kuuliza bila aibu. Karatasi ziliponiishia nilijua nani wa Kerugoya ataniazima, na yeye taa yake ilipoharibika alijua atapata yangu. Nilikuwa na watu. Mtu anayefanya kazi peke yake, ndani ya chumba chenye giza, ataelewa nikisema hivyo.

Mwenyekiti wetu alikuwa na studio kubwa mjini Nyeri, yenye pazia lililochorwa ndege na ngazi zake, ambapo mtu alipigwa picha kama aliyetoka Ulaya asubuhi hiyo. Alikuwa mtu wa kuchangamka, mrefu, mwenye koti la kijivu ambalo hakulivua hata kukiwa na jua. Ni yeye aliyenihamisha kutoka nyuma. Katika mkutano wangu wa tatu alisimamisha mazungumzo akasema, "Dada yetu wa Karatina hawezi kuona kutoka huko. Mpisheni hapa mbele." Watu wakasogea. Akawa ananitafuta baada ya kila mkutano. Aliniuliza habari za baba mdogo, akamtumia salamu na mafuta ya kuchua magoti. Akija Karatina kwa shughuli zake hakupita bila kuingia studio. Mimi sina kaka. Nilianza kumwita kaka, na sikuwa nikisema kwa mdomo tu.

Sasa nieleze jambo lenyewe.

Miaka hiyo shule zilikuwa zikiongezeka kila mahali, na kila shule ilitaka picha ya darasa. Nilikwenda shule moja kule juu, upande wa msitu, nikawapanga watoto wa darasa la tano juani, wote na mashati meupe, nikawapiga. Wiki mbili baadaye mama mmoja alikuja studio akiwa na picha mkononi, akaiweka mezani.

"Mtoto wangu yuko wapi?"

Nikamwambia anionyeshe alikosimama. Akaweka kidole kwenye shati moja lililokosa kifungo cha juu. "Hii shati ndiyo najua, kwa sababu ni mimi nimeifua. Lakini mtoto? Hapa kuna shati na giza juu yake."

Nilitazama na kuona kwamba anasema kweli. Nilikuwa nimetoa mistari mitatu ya mashati yanayong'aa, na juu ya kila shati shimo jeusi. Nilikuwa nimepiga picha kama hizo kwa miaka na sikuwa nimeziona, kwa kuwa kila mtu alizipiga hivyo. Tulifuata maandishi ya kwenye sanduku la filamu, na aliyeyaandika hakuwa amefikiria watoto wetu. Yule mama hakunitukana. Alichukua picha yake akaifunga kwenye leso, akaondoka, na nilitamani angenitukana.

Ilinichukua karibu mwaka mzima. Niliwapiga majirani, niliupiga mkono wangu mwenyewe nikiwa nimeuweka juu ya bahasha nyeupe, nikaharibu filamu ambazo sikuwa na uwezo wa kuziharibu. Mwishowe nilipata mambo matatu. La kwanza, kuwatoa watoto juani na kuwasimamisha kwenye kivuli cha ukuta, kisha kutandika shuka jeupe kwenye nyasi mbele yao, mwanga upande kutoka chini na kuingia machoni na chini ya mashavu. La pili, kuipa filamu mwanga mwingi kuliko sanduku lilivyosema, mara mbili yake. La tatu lilikuwa ndilo la siri zaidi: wakati wa kusafisha, kuitoa filamu kwenye dawa mapema, kabla mashati hayajaungua. Ukifanya mawili ya kwanza na kusahau la tatu, unapata nyuso lakini unapoteza nguo. Ukiyafanya yote, unamwona mtoto. Unamwona hata aliyelia asubuhi ile.

Nilirudi kwenye ile shule nikapiga darasa lilelile upya bila kuitwa. Mkuu wa shule alizitazama zile picha muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe huyu anafanana na babu yake." Sikuhitaji sifa nyingine.

Mtu wa kwanza niliyemwambia ni mwenyekiti. Alikuja siku ya Alhamisi, nikamwonyesha picha, naye akaacha utani wake wote. Akaomba kuona ninavyofanya. Nikafunga studio mchana wa siku ya soko, jambo ambalo baba mdogo hakulipenda, tukaingia chumba cha giza, nikamwonyesha kila kitu, nikimhesabia dakika kwa sauti.

"Dada, hii ni kubwa," alisema tulipotoka. "Mwezi ujao kampuni ya filamu inatuma mgeni kutoka Nairobi. Wapiga picha watatoka Embu, Meru, Kirinyaga, kila mahali. Nataka usimame ueleze hii kitu."

Nikamwambia sijawahi kusimama mbele ya watu.

"Utasimama. Mimi niko na wewe pale mbele. Nipe hizi picha nizibandike kwenye kadibodi, ziwekwe ukutani. Hata ratiba nitaichapisha."

Nilimpa picha kumi na mbili. Alinipa mkono, akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili.

Mwezi ule nilikuwa nikijisemea maneno nikiwa jikoni. Nilinunua blauzi. Kabla ya siku yenyewe nilipanda Nanyuki kupiga picha za shule moja, na yule mzee wa Nanyuki alikuja kunisaidia kubeba vitu. Aliniona nikitandika shuka, akaniuliza, nikamweleza kidogo, nikamwambia mengine atayasikia Nyeri. Akacheka. "Basi nitakaa mbele kabisa," akasema.

Siku ilipofika ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama mlangoni. Nilipewa karatasi ya ratiba na nikaona mada yangu imechapishwa, ya tatu, baada ya ufunguzi na salamu za mgeni. Mgeni alikuwa kijana wa kiume mwenye tai, mpole, anayeandika kila kitu. Picha zangu zilikuwa ukutani, zimebandikwa vizuri kwenye kadibodi nyeusi. Nilikwenda kuzitazama kwa fahari. Chini ya kila picha, kwenye kona ya kulia, palikuwa na muhuri wa studio ya mwenyekiti.

Nilifikiri ni kwa sababu yeye ndiye aliyezibandika. Fundi wa fremu huweka alama yake, nilijiambia. Nikarudi kukaa.

Mwenyekiti alifungua kwa maombi. Akamkaribisha mgeni, mgeni akatoa salamu. Halafu mwenyekiti akasema kwamba muda ni mfupi na mgeni ana safari, kwa hiyo yeye mwenyewe angeanza na jambo dogo alilokuwa akilichunguza kwa muda. Akaenda ukutani, akaweka kidole kwenye picha ya kwanza.

Alisema yote. Kivuli cha ukuta, shuka kwenye nyasi, mwanga mara mbili, filamu kutolewa mapema. Alitaja hata dakika nilizomhesabia. Nilikaa nikiwa na karatasi yangu mapajani, nikimsubiri afike mahali atakaposema, "na aliyenifundisha ni huyu." Kila alipovuta pumzi nilidhani ndipo hapo. Wakati fulani nilisogea mbele kwenye kiti ili nisichelewe kusimama atakaponitaja.

Mgeni akainua mkono. "Na ulianzaje kufikiria jambo hili?"

Mwenyekiti akatabasamu. "Kulikuwa na mama mmoja," akasema, "alikuja kwangu na picha. Akaniuliza, mtoto wangu yuko wapi? Ati anajua shati, mtoto hamwoni!" Akaigiza sauti yake. Akaigiza anavyofunga leso. Ukumbi mzima ukacheka, na mgeni akacheka huku akiandika.

Mpaka leo, nikijiuliza ni nini hasa kilichoniuma, si shuka wala dakika. Ni yule mama. Alikuja kwangu akiwa na huzuni, nikambebea ile huzuni mwaka mzima, na sasa alikuwa amewekwa pale mbele awachekeshe watu.

Makofi yalipokwisha, mwenyekiti aliangalia ratiba kana kwamba anaiona mara ya kwanza. "Dada yetu wa Karatina naye tulimpa nafasi. Sijui kama atakuwa na la kuongeza."

Nikasimama. Magoti hayakutetemeka, nilikuwa nimeyaogopa mwezi mzima na siku hiyo yalikuwa imara. Niliangalia watu. Mstari wa mbele kabisa, kama alivyoahidi, alikuwa yule mzee wa Nanyuki. Yeye alikuwa ameniona. Alijua. Nilimtazama nikingoja, kwa maana neno moja kutoka kwa mwanamume mzee wa chama lingesikilizwa kuliko maneno yangu kumi. Aliinamisha uso ndani ya kikombe chake cha chai, akabaki humo.

Ningeweza kusema. Nimeyapanga maneno hayo mara nyingi tangu siku ile, na yanatoka vizuri sana nikiwa peke yangu. Lakini picha zilikuwa na muhuri wake. Mada ilikuwa imesemwa kwa sauti yake. Ningesimama pale na kuonekana mwanamke mwenye wivu, aliyepewa kiti cha mbele na mtu ambaye sasa anamshtaki.

"Asanteni," nikasema. "Mwenyekiti amesema yote."

Wakanipigia makofi mazuri, ya kumtuliza mtu aliyepatwa na haya.

Nilimngoja nje karibu na bomba la maji. Alikuja akiwa bado na furaha, akanyoosha mkono. Sikuupokea.

"Hizo ni picha zangu," nikamwambia.

"Najua. Zimetoka vizuri sana."

"Umeweka muhuri wako. Umesema ni wewe."

Akatazama nyuma kuona kama kuna mtu karibu. "Dada, sikiza. Ungesimama wewe, ungetetemeka, yule kijana wa Nairobi angeenda bila kuelewa. Mimi nimekuokoa. Na hii si kitu yako au yangu. Ni kitu ya chama. Sisi si ndio tulikubaliana kufundishana?"

"Na yule mama?"

"Mama gani?"

Hakuwa akijifanya. Alikuwa amekwisha kumsahau. Alinigusa begani, akasema tutaongea vizuri mwezi ujao, akamkimbilia mgeni aliyekuwa akiingia kwenye gari.

Nilirudi Karatina nikamwambia baba mdogo. Alikuwa ameketi karibu na redio, macho yake hayaoni tena ila mwanga na kivuli. Akauliza, "Mafuta ya magoti bado yako?" Nikamwambia yapo. "Yatupe," akasema. Nikayatupa, ingawa yalikuwa yakimsaidia kweli, na majira ya baridi yaliyofuata aliteseka.

Kampuni ilimchagua mwenyekiti kuzunguka miji ya mlima akifundisha wapiga picha. Alikwenda Embu, Meru, Kerugoya. Walimpa filamu za bure na bango lenye mojawapo ya picha zangu, ile ya msichana anayefanana na babu yake. Siku moja niliiona ikiwa imebandikwa kwenye dirisha la duka la dawa pale Chaka. Nilisimama nje ya duka hilo hadi mwenye duka akatoka kuniuliza kama ninaumwa.

Yule mzee wa Nanyuki alinijia wiki tatu baada ya mkutano. Aliingia studio bila kofia kichwani, akiwa ameishika mkononi.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha."

Nikampa kiti, nikampa chai.

"Nilijua," akasema. "Wallahi nilijua. Nilikuona kwa macho yangu ukitandika lile shuka."

"Basi kwa nini hukusema?"

Akazungusha kofia. "Karatasi zangu zote zinapitia kwa mwenyekiti. Dawa pia. Mimi kule Nanyuki sina njia nyingine, na watu wa Doldol wanangoja picha za vitambulisho. Akinifungia, nafunga studio. Na mimi katika chama hiki, mama, ni mgeni siku zote. Wananipenda, lakini ni mgeni."

Nilimwelewa. Labda hilo ndilo baya zaidi, kwamba kila neno lake lilikuwa na maana. Aliyenifundisha kuipasha moto dawa ndiye aliyeniacha nisimame peke yangu. Ningeweza kumwambia nimemsamehe na angeondoka akiwa mwepesi. Nilimwambia tu, "Kunywa chai, mzee, itapoa." Akanywa, akaaga, akaenda zake. Alifariki kabla hatujaonana tena, na hilo nalo ninalibeba.

Sikurudi mikutanoni. Jumatatu za mwisho wa mwezi nilifanya usafi. Mwanzoni yule mpiga picha wa Kerugoya aliniandikia kuuliza kama ninaumwa, kisha akaacha. Karatasi ziliponiishia nilifunga mapema. Kazi za shule ziliendelea, na picha zangu zilipendwa, lakini mara kwa mara mwalimu alizitazama na kuniuliza kwa nia njema kabisa, "Hii ni ile njia ya yule bwana wa Nyeri? Ulihudhuria mafunzo yake?" Mara mbili tatu nilieleza. Baadaye nilijibu tu, "Ndiyo," kwa kuwa "ndiyo" ilikuwa fupi.

Miaka minne ilipita hivyo. Kisha vijana wa upande wa Kirinyaga wakaanza mkutano wao pale Kutus, katika chumba cha juu ya duka la vitambaa, na mmoja wao akanialika. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimechoka kuongea na kuta. Walikuwa wachangamfu, wakizungumza habari za filamu za rangi ambazo sikuwa nimezishika bado. Nilikaa nyuma na safari hii hakuna aliyenihamisha.

Katikati ya mkutano alisimama msichana mmoja, mwenye studio yake ndogo palepale Kutus, akauliza kwa nini watoto wake wa shule wanatoka weusi tititi na mashati yanang'aa. Mvulana mmoja akamwambia anunue taa kubwa zaidi.

Mimi nilikuwa na jibu lote tumboni. Nilimngoja nje, kwenye ngazi. Nikamwambia habari ya kivuli na shuka. Nikamwambia habari ya mwanga mara mbili. Aliandika kwenye kiganja chake kwa kalamu, akiwa na furaha, akinishukuru kila baada ya neno. Nilimtazama vizuri, nikamwona ni mtu ambaye siku moja anaweza kusimama ukumbini, na la tatu sikulitoa. Nilimwambia gari langu linaondoka.

Baada ya mwezi akaniandikia barua. Ndani yake aliweka picha ya darasa. Nyuso za watoto zilionekana vizuri, lakini mashati yalikuwa yameungua, meupe kama moto, hayana kola wala vifungo; vichwa vilikuwa vikielea. "Mama," aliandika, "nimekosea wapi? Nimefanya kila kitu ulichoniambia." Alikuwa amepiga mstari chini ya neno "kila".

Barua ile ilikaa kwenye droo wiki tatu. Nilijiambia nina kazi. Nilijiambia hakuna aliyenionea huruma mimi. Kisha asubuhi moja niliifunga studio nikaenda Kutus mwenyewe, kwa sababu niliona aibu kuliandika jambo lile kwenye karatasi kana kwamba nililisahau.

Nilimkuta akipanga picha za shule juu ya meza. Hata kabla ya salamu kwisha nikaona: nyuso zote, mashati yote, kila kifungo.

"Mama! Nilipata!" akasema. Akanivutia kiti. "Nilipoona barua yangu haijibiwi nikajua labda haikufika. Nikaenda Nyeri kwa yule mwenyekiti. Nilikuwa naogopa, lakini ni mtu mzuri sana. Alifunga studio yake mchana mzima. Akaniambia nilikuwa nachelewa kutoa filamu kwenye dawa. Akanihesabia hata dakika. Hakunificha kitu, na hakutaka hata shilingi."

Nilikaa pale na mkoba wangu magotini.

"Na wewe ulijifunza kwake?" akaniuliza. "Kwa sababu mnasema maneno yaleyale kabisa."

Nikamwambia. Nilianza na yule mama na leso yake, nikaendelea hadi bombani. Sikumficha hata kosa langu, lile jambo la tatu nililolificha kwenye ngazi. Alisikiliza kwa adabu, mikono akiwa ameikunja. Nilipomaliza alitazama zile picha mezani, kisha akanitazama mimi.

"Pole sana, mama," akasema taratibu, kama anayemkubalia mgonjwa ili asimchoshe kwa ubishi. Akainuka kwenda kuniletea soda.